Majina ya Mito ya Kiwelisi: Uhusiano wa Jina, Mandhari na Wazungumzaji

Utangulizi

Nchini Uingereza kuna mito kadhaa iitwayo Avon. Mmoja hupita Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare. Mwingine hupita Bristol. Wa tatu huteremka kupitia Salisbury hadi pwani ya kusini. Kwa Mwingereza wa kawaida Avon ni jina tu, kama lilivyo jina la mtu asiyemfahamu. Kwa mzungumzaji wa Kiwelisi mambo ni tofauti. Katika lugha yake neno afon, ambalo herufi yake f hutamkwa kama v ya Kiswahili, ni nomino ya kawaida yenye maana ya mto. Waingereza walipoingia katika mabonde hayo kuanzia karne ya 5 waliwakuta watu waliozungumza Kibritoni, lugha iliyozaa Kiwelisi. Wenyeji waliuita mto wao kwa neno lao la mto, na wageni wakalichukua neno hilo kuwa jina pekee. Hivyo anayesema "Mto Avon" anasema "Mto Mto" bila kujua. Jambo hili si geni kwetu: neno nyasa, katika lugha za wakazi wa ufukwe wake, lina maana ya ziwa, nasi tunasema Ziwa Nyasa bila kusita.

Makala hii inachunguza majina ya mito yenye asili ya Kiwelisi pamoja na mandhari ambamo mito hiyo hupita. Hoja yake ni kwamba jina la mto wa Kiwelisi kwa kawaida ni maelezo mafupi ya nchi, na kwamba maelezo hayo hubaki kuwa maelezo pale tu ambapo jina, bonde na wazungumzaji viko pamoja. Kimoja kikiondoka, jina hubaki likiwa na kazi nyingine. Data imetoka Welisi kwenyewe, mpakani mwake na Uingereza, na katika bonde moja la Argentina. Neno Uingereza limetumika hapa kwa maana ya nchi iliyo mashariki ya Welisi, si kwa maana ya dola nzima ya Ufalme wa Muungano.

Sarufi ndani ya jina

Msomaji wa Kiswahili anayetazama ramani ya Welisi kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kuwa imejaa makosa ya tahajia. Neno la rangi nyekundu ni coch, lakini mto mwekundu ni Afon Goch. Neno la weusi ni du, lakini mto mweusi ni Afon Ddu. Mawr ni kubwa, ilhali tawi kubwa la mto Taf huitwa Taf Fawr. Tawi dogo ni Taf Fechan, na hapo kivumishi kimebadilika mara mbili: bychan imekuwa bechan ili kupatana na jinsi ya kike, kisha b ya mwanzo ikawa f. Sababu ni kwamba afon ni nomino ya jinsi ya kike, na kivumishi kinachofuata nomino ya kike katika umoja hulainisha konsonanti yake ya kwanza. Sisi tusemao mto mwekundu, kitambaa chekundu na nguo nyekundu hatuna haja ya kushangaa kuona mwanzo wa kivumishi ukitii nomino. Tofauti ni kwamba Kiswahili huweka kiambishi mbele ya shina, ilhali Kiwelisi hugusa konsonanti ya shina lenyewe.

Kanuni hiyo haiishii kwenye vivumishi. Jina la mto nalo hubadilika likiingia katika jina kubwa zaidi. Mto Taf hupita katika mji mkuu wa Welisi, na kanisa kuu la kale lililo kando yake liko Llandaf, yaani llan, kanisa au uwanja wake, pamoja na Taf iliyolainishwa kuwa Daf. Jina la mji mkuu wenyewe, Caerdydd, zamani lilikuwa Caerdyf, ngome ya Taf, ambamo dyf ni umbo la kale la uhusika milikishi la jina la mto. Baadaye sauti ya mwisho ilibadilika katika vinywa vya Wawelisi, lakini Waingereza walikuwa wamekwisha kulichukua jina, na Cardiff yao imehifadhi f ya zamani. Ni kichekesho cha historia kwamba umbo la wageni ndilo lililo karibu zaidi na mto.

Kwa mtafiti wa majina ya mahali, funzo la vitendo ni kwamba jina la mto wa Kiwelisi halitafutwi kwa herufi yake ya kwanza peke yake. Kijiji cha Pontarfynach, ambacho jina lake maana yake ni daraja juu ya mto Mynach, hakitampeleka kwenye mto huo asiyejua kuwa kihusishi ar hugeuza m kuwa f. Mynach ni mtawa. Mto huo hutumbukia katika korongo lenye miti mingi kwa maporomoko ya takriban mita 90, na juu ya korongo kuna madaraja matatu yaliyojengwa moja juu ya jingine: la zama za kati, la mwaka 1753 na la mwaka 1901.

Tabaka la kale

Si majina yote yanayosomeka. Mito mikubwa kwa kawaida ina majina ya kale kuliko vijito, kwa sababu mto mkubwa hujulikana na watu wengi na jina lake huvumilia mabadiliko ya wakazi. Ptolemy, mwanajiografia wa Alexandria wa karne ya 2, aliandika majina ya midomo ya mito ya pwani ya magharibi ya Britania, na wataalamu wameyatambua miongoni mwake majina ya Tywi, Teifi na Ystwyth. Mto mrefu kuliko yote katika kisiwa hicho, wenye kilomita 354, Warumi waliuita Sabrina; Waingereza huuita Severn, Wawelisi Hafren. Majina haya matatu ni jina moja. Sauti s mwanzoni mwa maneno ya Kibritoni iligeuka kuwa h katika Kiwelisi, kama inavyoonekana ukilinganisha neno la Kilatini sal, chumvi, na neno la Kiwelisi halen. Kiingereza kililipokea jina kabla mabadiliko hayo hayajakamilika, na kwa hiyo kimebaki na s.

Hafren huanzia kwenye Pumlumon, mlima wa nyasi na udongo wa mboji wenye urefu wa mita 752, usio na kilele cha kuvutia macho, lakini wenye maji mengi mno. Humo humo huanzia pia Gwy na Rheidol. Masimulizi ya wenyeji huifanya mito hiyo mitatu kuwa dada waliokubaliana kwenda baharini kila mmoja kwa njia yake. Rheidol ilikwenda moja kwa moja magharibi na kufika upesi. Dada zake wawili walizunguka mashariki kupitia nchi ya Uingereza na kukutana tena kwenye lango moja la bahari. Simulizi hiyo inaeleza jiografia kwa usahihi wa kuridhisha.

Dyfrdwy, mto ambao Kiingereza huuita Dee, una jina linaloonyesha namna wakazi wa kale walivyoutazama. Sehemu ya kwanza ni umbo la zamani la neno dŵr, maji. Ya pili inatokana na neno la mungu. Warumi waliita ngome yao iliyokuwa kando ya mto huo Deva, neno la asili hiyo hiyo, na mahali hapo leo ni mji wa Chester. Mto hupita katika Llyn Tegid, ziwa la asili kubwa kuliko yote Welisi, na hutokea kwenye mji wa Y Bala. Bala ni neno la mahali ambapo mto hutoka ziwani. Chini zaidi, baada ya Llangollen, mfereji wa mashua unaupita mto huo kwa juu, katika daraja la chuma na mawe la Pontcysyllte lililokamilika mwaka 1805, urefu wa mita 38 kutoka mtoni.

Tabaka hili la kale lina mtego wake. Majina mengi ya mito huishia na -wy: Conwy, Elwy, Llugwy, Ebwy. Wapenzi wa mambo ya kale walihitimisha kuwa kulikuwa na neno gwy lenye maana ya maji, wakaligawa kila jina kwa kisu hicho. Wataalamu wa karne ya 20 walilikataa wazo hilo: hakuna ushahidi wa neno kama hilo, na -wy ni kiambishi tamati tu. R. J. Thomas, aliyetoa mwaka 1938 kitabu kizima kuhusu majina ya mito na vijito vya Welisi, alionyesha kuwa kazi hii hudai maumbo ya kale yaliyoandikwa katika hati, si ubunifu wa mtu mwenye kamusi. Mwandishi wa makala hii anaona kuwa onyo hilo linawahusu pia watafiti wa majina ya mahali wa kwetu, ambao mara nyingi hupokea ngano ya asili ya jina kana kwamba ni etimolojia.

Majina yanayoeleza nchi

Vijito na mito ya kati ndivyo vinavyosema wazi. Dulas na Dulais, majina yanayorudiwa sehemu nyingi za Welisi, yameundwa na du, neusi, na neno la kale la kijito. Ni maji yanayopita kwenye mboji na kuchukua rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Llugwy ina llug, mwanga, na hushuka kwa kung'aa juu ya miamba hadi kuingia Conwy penye kijiji cha Betws-y-Coed. Maporomoko yake huitwa Rhaeadr Ewynnol, maporomoko yenye povu. Kiingereza huyaita maporomoko ya mbayuwayu, na inaelekea kuwa aliyetafsiri alisikia y wennol, mbayuwayu, mahali pa ewynnol. Ndege amezaliwa kutokana na povu.

Mito mingine hupewa jina la mnyama. Twrch ni nguruwe dume, na Afon Twrch hushuka kutoka Y Mynydd Du, Mlima Mweusi, hadi kuingia Tawe. Hueleweka kuwa mto huo unafukua ardhi kama nguruwe afukuavyo kwa pua. Jirani yake ni Aman, ambao jina lake hutokana na banw, nguruwe mdogo. Hadithi ya zama za kati ya Culhwch ac Olwen inasimulia msako wa nguruwe mkuu Twrch Trwyth, na sehemu ya msako huo hupita katika nchi hiyo hiyo ya Aman. Hapa ni vigumu kusema kama hadithi ilizaa majina au majina yalizaa hadithi. Huenda msimulizi alikuwa akisoma ardhi aliyoijua.

Ystwyth ni kivumishi ambacho bado kinatumika: -nyumbufu, chenye kupinda bila kuvunjika. Sehemu ya chini ya mto huo hupindapinda katika bonde la mchanga na changarawe, na jina linaufaa. Lakini sehemu ya juu, Cwmystwyth, ni mandhari ya aina nyingine: vilima vya mabaki ya mawe ya kijivu, kuta za majengo yaliyobomoka na miteremko isiyoota majani, kwa sababu risasi na zinki zilichimbwa humo kwa muda mrefu. Madini hayo bado huingia mtoni. Jina la kale halisemi lolote kuhusu jambo hilo. Kinyume chake, katika kisiwa cha Ynys Môn, Afon Goch hutoka Mynydd Parys, ambako shaba ilipatikana kwa wingi mwaka 1768, na maji yake yenye asidi huacha utando wa kutu kwenye mawe. Huko jina na rangi vinapatana hata leo, ingawa wekundu huo ni wa machimbo.

Teifi unastahili kutajwa kwa sababu mandhari yake hubadilika hatua kwa hatua. Huanzia katika vidimbwi vya milimani, hupita Cors Caron, kinamasi kikubwa cha mboji ambacho sasa ni hifadhi ya taifa, kisha huingia katika bonde la malisho na kubana kwenye miamba ya Cenarth. Gerald wa Welisi, padri na mwandishi aliyeizunguka nchi hiyo mwaka 1188, aliandika kuwa Teifi ndio mto pekee wa Welisi uliobaki na biva, yule mnyama mwenye mkia mpana ajengaye mabwawa. Biva wametoweka, ila wavuvi wa Teifi wameendelea kutumia cwrwgl, chombo cha fito kilichofunikwa kwa kitambaa chenye lami, chepesi kiasi cha kubebwa mgongoni na mtu mmoja. Vyombo viwili huteremka sambamba vikivuta wavu kati yao.

Aber

Neno aber, mahali ambapo mto huingia baharini au katika mto mwingine, limezaa miji mingi kuliko neno lolote la maji. Abertawe, Aberteifi na Aberhonddu zina majina tofauti kabisa katika Kiingereza: Swansea, Cardigan, Brecon. Msafiri anayesoma majina ya Kiingereza haoni mto. Anayesoma ya Kiwelisi anaambiwa asimame wapi ili auone. Hata hivyo jina huweza kubaki nyuma ya watu. Ngome ya kwanza ya Aberystwyth ilikuwa karibu na mlango wa Ystwyth. Mwaka 1277 mfalme Edward wa Kwanza alianza ngome mpya kaskazini zaidi, karibu na Rheidol, na jina likahama pamoja na watu.

Aberfan, katika bonde la Taf, ni mahali ambapo kijito kiitwacho Fan huingia mtoni. Tarehe 21 Oktoba 1966 lundo la mabaki ya makaa ya mawe lililokuwa juu ya kijiji liliporomoka na kufunika shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Lundo hilo lilikuwa limerundikwa juu ya chemchemi ambazo ramani zilizionyesha, na tume ya uchunguzi ililibebesha lawama shirika la taifa la makaa. Haidaiwi hapa kuwa jina lingeweza kuwaokoa. Linalodaiwa ni dogo zaidi: maji ya kilima kile yalikuwa yameandikwa, na waliokuwa na mamlaka hawakuyasoma.

Tryweryn

Tryweryn ni mto mfupi wa kaskazini unaoingia Dyfrdwy karibu na Y Bala. Katika bonde lake kulikuwa na kijiji cha Capel Celyn, chenye shule, ofisi ya posta, kanisa lenye makaburi yake na nyumba 12, na watu wake waliishi maisha yao yote kwa Kiwelisi. Mwaka 1957 Bunge la London lilipitisha sheria iliyoiruhusu halmashauri ya jiji la Liverpool kulijaza bonde hilo maji kwa ajili ya jiji hilo. Sheria hiyo iliwawezesha kutohitaji kibali cha mamlaka za mipango za Welisi, na ilipitishwa ingawa karibu wabunge wote wa Welisi hawakuiunga mkono. Bwawa la Llyn Celyn lilifunguliwa mwaka 1965.

Kwa upande wa uchunguzi huu, Tryweryn ni kinyume cha Avon. Kule lugha iliondoka na bonde likabaki. Hapa lugha ilibaki na bonde likaondoka. Mto wenyewe bado unatiririka chini ya ukuta wa bwawa, kwa kiasi kinachopangwa na wahandisi, na maji hufuata Dyfrdwy hadi karibu na Chester kabla ya kuchukuliwa kwa matumizi ya Liverpool. Maji yanayoachiliwa kutoka bwawani huufanya mto uwe na nguvu hata wakati wa kiangazi, na watu huenda kushindana kwa mitumbwi juu ya mawimbi hayo.

Katika miaka ya 1960 mtu mmoja aliandika kwa rangi kwenye ukuta wa nyumba iliyobomoka karibu na Llanrhystud, mbali sana na bonde lenyewe, maneno ambayo leo yanajulikana kama Cofiwch Dryweryn: Kumbukeni Tryweryn. Ukuta ulipoharibiwa mwaka 2019, maneno hayo yalichorwa upya, kisha yakatokea kwenye kuta nyingine nyingi nchini. Konsonanti ya mwanzo inastahili kuangaliwa. Tryweryn ni yambwa ya kitenzi cha kuamuru, kwa hiyo t imelainishwa kuwa d. Wengi wanaoyavaa maneno hayo kwenye fulana hawazungumzi Kiwelisi, nao hulitamka jina la mto kwa umbo ambalo hawatalikuta katika ramani yoyote, kwa kuwa ramani huliandika kwa T. Jina limeacha kuonyesha mahali pa mto. Limekuwa neno la kudai, na sarufi ya kitenzi kilichotangulia imegandamana nalo. Mwaka 2005 halmashauri ya Liverpool iliomba radhi.

Camwy

Tarehe 28 Mei 1865 meli Mimosa iliondoka Liverpool, mji huo huo, ikiwa na Wawelisi wapatao 150 waliotaka kuishi kwa lugha yao mahali ambapo Kiingereza hakingewafuata. Miezi miwili baadaye walishuka pwani ya Patagonia, kusini mwa Argentina. Nchi waliyoikuta ilikuwa kavu, yenye vichaka vya miiba na upepo, na uhai wote ulikuwa kando ya mto mmoja unaotoka milima ya Andes. Mto huo waliuita Camwy. Cam ni -liopinda. -Wy ni kiambishi cha Conwy na Elwy. Kwa hiyo kiambishi ambacho wataalamu hukiweka katika tabaka la kale kabisa la lugha kilitumiwa tena na wakulima wa karne ya 19, nao hawakuhitaji kujua asili yake. Iliwatosha kwamba jina la mto husikika hivyo.

Jina lilikuwa sahihi. Mto hupinda katika sakafu tambarare ya bonde, na mnamo mwaka 1867 wakulima waligundua kuwa wangeweza kukata kingo zake na kuyaelekeza maji mashambani. Mifereji ikaleta ngano. Upindaji huo huo ulileta hasara: mwaka 1899 mto ulifurika na kuharibu makazi ya bonde zima, na baadhi ya familia zikahamia Kanada.

Lakini mto huo ulikuwa na jina kabla ya Wawelisi. Chubut, jina la mto na la jimbo katika ramani rasmi, linatokana na neno la Watehuelche, wenyeji waliokuwa wakiwinda na kuhama katika nchi hiyo. Waliokimbia kufunikwa kwa majina yao walifika mahali pengine wakaweka jina juu ya jina. Katika mazungumzo ya Kiwelisi bonde bado ni Dyffryn Camwy, na upande wake wa juu kuna mji mdogo uitwao Dolavon, wenye mfereji na magurudumu ya kuinulia maji. Dôl ni uwanda wa nyasi kando ya mto. Sehemu ya pili ni afon, iliyoandikwa kwa v.